Usingizi wa Bweni la Chini

Jumapili, 4 Februari

Mdogo wangu Mshale,

Usicheke. Nakuandikia nikiwa nimevaa shati la mume wangu. Mume wangu! Neno hilo nimeliandika kwanza pembeni ya gazeti nione linavyokaa, na linakaa vizuri kama mtu aliyekaribishwa kiti.

Tuna vyumba viwili juu ya fundi cherehani. Mashine yake ikianza asubuhi, vikombe vyetu vinacheza kabatini. Kitanda kinalia ukigeuka, jiko lina upande mmoja unaowaka vizuri na mwingine wenye hasira, na mimi naona ni kasri. Shemeji yako ananiita Asali. Jana alinilisha kwa mkono wake, nikamwambia acha, watu watatuona. Akasema, "Watu gani? Tuko ghorofani." Nikacheka mpaka nikapaliwa.

Mwenzio nakumbuka kila siku tulivyokutana. Nilikuja kukutembelea shuleni, yeye akapita ukumbini na ule mfuko wa bangili za kupimia usingizi wenu, ukamchanikia, zikamwagika zote miguuni kwangu. Tukaokota wote wawili. Kwa hiyo ujue, usingizi wenu ndio ulionipa mume! Mwenyewe anavaa moja, nyeusi kama zenu, usiku na mchana, haivui hata akioga. Anasema mtafiti asiyejipima mwenyewe ni mpishi asiyeonja.

Juzi amemaliza ripoti yake kubwa. Nilimchagulia jalada la buluu, na kwa kuwa hatukuwa na kamba nzuri, nikaifunga kwa utepe mweupe wa gauni langu la harusi. Alinibusu mbele ya karatasi zote zile.

Wewe vipi? Mbio zinakwendaje? Mama anasema utakimbia kwenye mashindano ya shule zote mwezi wa nne, na mimi tayari nimeshajua nitakavyopiga vigelegele.

Dada yako, mke wa mtu,
Asali (usimwambie Mama jina hili)


Jumapili, 11 Februari

Dada,

Hongera ya ndoa, na hongera ya jiko lenye hasira. Mimi sina vigelegele.

Sikimbii tena. Kocha ametuondoa kwenye timu wasichana wote wa Bweni la Chini. Alisimama mbele yetu uwanjani, filimbi shingoni, akasema ripoti ya usingizi imekuja na sasa mambo yako wazi kisayansi. Wasichana weupe wakifanya mazoezi wanalala vizuri. Sisi weusi tunafanya mazoezi kuliko wao, tena sana, na bado tunalala kidogo. Kwa hiyo mazoezi hayatusaidii, ni maumbile yetu, na kutukimbiza ni kutuchosha bure. "Nawahurumia," akasema. Dada, alitabasamu akisema hivyo.

Nafasi yangu amepewa msichana wa Bweni la Juu tunayemwita Pamba, kwa sababu hata kengele haimwamshi, utadhani amezibwa masikio. Mimi humwacha nyuma kiasi cha kuweza kugeuka nikampungia mkono.

Sasa nikwambie jambo ambalo Mama hajui. Ile kazi yetu ya kulipia ufadhili, niliyosema ni kuosha vikombe, si vikombe. Ni mkate. Bweni la Chini tunaamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa shule nzima, kila mtu na donge lake la ukubwa wa mto wa kulalia. Bweni la Juu wazazi wao wanalipa, wao wanalala. Na bangili tunakuwa nazo mkononi, Dada. Mkono unapiga unga, bangili inaandika: mazoezi. Mkono unapiga unga saa ambayo Pamba anakoroma, bangili inaandika: hawa hawalali.

Hakuna aliyetuuliza. Watafiti wa bangili wanakuja wengi kwa zamu, na aliyeandika hatukutajiwa; alikuja mchana tukiwa darasani, akachukua mfuko wake, akaondoka. Ipo siku nitamwona usoni.

Mshale asiye na upinde


Jumamosi, 17 Februari

Mshale wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Saa kumi alfajiri! Na mimi saa hiyo nimekumbatiwa kama yai.

Ni nani kati yao huyo mpumbavu? Nitajie. Maumbile! Unga wa watu wengine ndio maumbile yetu? Mtu amekwenda shule miaka yote hiyo akashindwa kumwuliza mtoto, "Unaamka saa ngapi na kwa nini?" Ningempata ningemlaza kwenye sakafu ya jikoni kwenu, nikamkandia unga mgongoni.

Naapa, mdogo wangu, na ninaapa kwa pete yangu ambayo bado haijapata mkwaruzo: huyo mtu, awe nani, nitakusaidia kumlipa. Na yeye akose usingizi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tumchome nao ajue.

Sijamwambia mume wangu bado kwamba mwenzake kazini ndiye aliyeandika hayo. Ana moyo mwepesi, angeweza kulia.

Dada yako anayewaka


Ijumaa, 23 Februari

Dada,

Umeapa kwa pete, kwa hiyo keti kwanza.

Ripoti iko mezani kwa Kocha. Nilipelekwa ofisini kufagia, nikaiona. Jalada la buluu. Imefungwa kwa utepe mweupe wenye ua dogo la uzi katikati. Utepe huo naujua. Siku ya harusi yako nilikuwa nyuma yako nikiushika usiburute kwenye vumbi.

Kikulacho ki nguoni mwako, Dada. Na nguo yenyewe ni shati unalonisimulia.

Ningeweza kunyamaza. Usiku kucha niliwaza ninyamaze, kwa sababu barua zako zinanukia furaha, nami sina dada mwingine. Halafu asubuhi nikakanda donge langu, nikasikia timu inapita nje ikihesabu hatua kwa sauti, Pamba yuko mwisho, anahema. Kunyamaza kukanishinda.

Shemeji mwenyewe mweusi kama chungu cha zamani, na kwa hadithi zako analala kama gogo. Hakujiuliza?

Ndani ya soksi iliyomo humu kuna bangili yangu. Nimeivua. Kocha hatazami mikono yetu, anatazama saa yake tu. Zote zinafanana, tofauti ni namba ya ndani. Mwezi ujao, siku ya wazazi, Shemeji atasoma ripoti mbele ya watu wote na ataongeza vipimo vipya. Mke ndiye ajuaye mumewe anavua nini na lini.

Sikuambii ufanye nini. Pete ni yako.

Mshale


Ijumaa, 1 Machi

Mdogo wangu,

Nililia juu ya masufuria yote. Halafu nikaoga, nikapaka wanja, nikampelekea chai, nikamwuliza kwa sauti ya asali yenyewe: "Mpenzi, wale wasichana weusi wanaolala kidogo, hukuwauliza wanafanya nini alfajiri?"

Akacheka. Akanipapasa kichwa, Mshale. Kichwa! Kama unavyompapasa paka aliyepanda kwenye vitabu. "Asali, watu husema uongo, vipimo havisemi. Usijichoshe na mambo haya."

Mkono wake ulipokuwa bado kichwani kwangu, ndipo nilipokata shauri.

Ile kauli yake kwamba haivui bangili hata akioga, haivui yeye. Naivua mimi. Nilimwambia mkono wake una harufu ya mpira, nikamsugua kwa sabuni na kumkausha kidole kimoja kimoja, akafumba macho kwa raha. Alipoyafumbua, aliyonayo mkononi ni yako. Ya kwake imelala kwenye mtungi wa sukari.

Na usiku huohuo nikamwegemea kifuani nikamwambia nimeota ndoto. Nimeota mume wangu ananikandia mkate kwa mikono yake, alfajiri, kabla jua halijatuonea wivu. Akasema, "Mkate si unauzwa hapo chini?" Nikasema, "Wa dukani hauna mapenzi." Akaamka saa kumi. Masikini, aliamka akicheka! Nikamwekea donge la ukubwa wa mto. Akauliza, "Sisi wawili tutakula mkate wote huu?" Nikamwambia majirani nao ni watu. Fundi cherehani ameshaanza kutusifu.

Nampenda, Mshale. Nampenda mpaka naona haya. Ndiyo maana namkandisha mpaka mwisho.

Dada


Jumapili, 10 Machi

Shemeji yangu mdogo,

Dada yako ananiambia umehuzunika kuhusu timu, nikaona nikuandikie mwenyewe, kama kaka.

Usilichukulie kama adhabu. Sayansi haina ubaya na mtu. Kila mwili una desturi yake. Wengine mazoezi huwaletea usingizi mzito, wengine hapana, na takwimu za shule yenu zimeonyesha jambo hilo wazi kuliko nilivyotarajia. Wakubwa wangu wamefurahi. Kupumzika kutakufaa.

Huku tuko salama. Dada yako ameniletea furaha ambayo sikujua ipo. Hivi sasa nimekuwa mwokaji! Kila alfajiri nakanda unga kwa ajili yake. Ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mabega yananiuma, na mchana nasinzia kazini, juzi nimepiga paji la uso kwenye meza mbele ya mkuu wangu. Nikamwambia ni fungate. Akaelewa.

Samahani kwa mwandiko, macho yanajifunga yenyewe. Soma kwa bidii.

Shemeji yako


Jumapili, 17 Machi

Mshale,

Nataka kuacha.

Jana amesinzia na kijiko mdomoni. Mchuzi ukamtiririka shatini, ndilo lile shati, na hakuamka. Nilimfuta kidevu nikaona ana mikunjo midogo chini ya macho ambayo haikuwepo siku ya harusi. Alipoamka akasema, "Samahani, Asali, nimekuacha unakula peke yako." Ukisikia mtu anakuomba radhi kwa ubaya unaomfanyia wewe, utajua moyo una kucha.

Na mkuu wake atakuwepo siku ya wazazi. Akiaibika pale anaweza kufukuzwa. Naye akijua ni mimi, je? Sina hata miezi mitatu ya ndoa. Nifanye nini, nimwambie tu, tumalize nyumbani?

Dada


Jumatano, 20 Machi

Dada,

Ulimwambia. Alikupapasa kichwa.

Amechoka kwa majuma mawili na nusu na moyo wako umepasuka. Sisi tuna mwaka wa tatu. Mchuzi umemwagika shatini mwake. Mimi nilisinzia kwenye mtihani wa hesabu, nikaandikiwa "mvivu" kwa wino mwekundu, na hakuna aliyenifuta kidevu.

Hajui kwamba alichokiandika ni uongo. Njia ya kumwonyesha ni moja, asikie kwa mdomo wake mwenyewe akiusema juu ya mwili wake mwenyewe. Timu inaondoka juma la kwanza la Aprili. Ukimwonea huruma leo, mimi nitaisikia ikipita nje ya jikoni maisha yangu yote.

Bangili iingie kwenye mfuko wake, pamoja na zile alizokusanya kwetu, Ijumaa usiku. Wewe baki nyumbani. Mbele ya watu nitasimama mimi.

Mshale


Ijumaa, 22 Machi

Imeingia. Amelala, mdomo wazi, ya kwake nimemrudishia mkononi. Nimekaa kitandani namtazama kama mtu anayetazama nyumba yake kabla ya moto. Barua hii naituma kwa fundi cherehani anayekuja huko kesho na vitambaa. Nena taratibu, Mshale. Usimtukane. Ni wangu.


Jumapili, 24 Machi

Dada,

Sikumtukana. Sikuwa na haja.

Ukumbi ulijaa. Wazazi wa Bweni la Juu mbele, wetu nyuma, Kocha na filimbi yake, Mkuu wa Shule, na yule mkubwa wake Shemeji mwenye miwani. Shemeji alikuwa amependeza, ulimnyoosha suti vizuri. Alifungua utepe wako kwa uangalifu, akaukunja, akauweka mfukoni. Hapo nilitaka kukimbia nitoke nje, nakwambia ukweli.

Akaonyesha michoro ukutani. Akasema vipimo vipya vimezidi kuthibitisha. Akachagua bangili moja kutoka ule mfuko, akaichomeka kwenye mashine, mchoro wake ukatokea ukutani, akasema huu ni mfano kamili. "Tazameni msichana huyu. Kila alfajiri mwili wake uko kwenye mazoezi makali. Usingizi wake mfupi, umekatikakatika, na mchana anasinzia. Mazoezi hayamletei usingizi hata kidogo. Hili ni umbile la wasichana weusi, wala si kosa lao."

Nikasimama. Nikasema, "Shikamoo Shemeji. Bangili hiyo namba ngapi?"

Akaisoma. Nikasema, "Ni yangu. Lakini tangu Februari sijaivaa."

Kocha akasema kaa chini. Mkuu wa Shule akasema mwache.

Nikasema, "Shemeji, huyo msichana unayemsema, aliyekuwa akiivaa, ana ndevu. Anaamka saa kumi kumkandia mkewe mkate. Tazama mikono yako."

Akatazama. Wote wakatazama. Unga ulikuwa umemkaukia chini ya kucha, Dada. Hukumsafisha kucha! Sijui kama ulisahau au ulifanya kusudi, na sitakuuliza.

Baba mmoja nyuma alicheka kwanza, kisha ukumbi mzima. Mimi sikucheka. Nilingoja kicheko kiishe, nikanyoosha mikono yangu, na wenzangu wote wa Bweni la Chini wakasimama wakanyoosha yao. Hatukuwa tumepanga. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mkate mwingi, unga ulitujaa mpaka viwiko.

Pamba, maskini, akauliza kwa sauti ya kweli kabisa, "Kwani mkate hauletwi na gari?" Mama yake akajificha uso.

Mkubwa mwenye miwani aliichukua ripoti akaibana kwapani kama samaki aliyeoza, akamwambia Shemeji, "Tutaongea." Mkuu wa Shule amesema kuanzia Jumatatu mabweni yote yatakanda kwa zamu. Kocha ameniita, bila tabasamu, amesema nirudi timu. Nikamwambia nitarudi wenzangu wote wakirudi. Amekubali kama mtu anayemeza mfupa.

Shemeji alipita karibu nami akitoka. Ana sura ya mtu aliyeamshwa.

Amefika nyumbani? Yuko vipi? Na wewe?

Mshale


Alhamisi, 28 Machi

Mshale,

Alifika jioni. Akaweka bangili mezani, akaweka utepe juu yake, akaketi. 

Akauliza, "Ni wewe?"

Nikasema, "Ni mimi. Nilikuuliza ukanipapasa kichwa."

Alichukua mto wake akalala kwenye mkeka sebuleni, na mimi kwenye kitanda kisicholia kwa kuwa hakuna wa kugeuka. Siku nne hatukuongea ila "pisha" na "chumvi." Mkubwa wake hajamfukuza, amemwambia aanze kazi yote upya kwa miguu yake, aende alfajiri, na ripoti ile wameitupa.

Leo niliamka, mkekani hayupo. Moyo ukaniambia kaondoka. Halafu nikasikia: pu, pu, pu. Jikoni. Anakanda, mgongo kanipa.

Akasema bila kugeuka, "Wale wasichana walikuwa wanafanya hivi kila siku?"

Nikasema, "Sisemi mimi. Mimi nilikuwa nimelala. Kamwulize mdogo wangu mwenyewe."

Sikumsaidia hata kumpitishia maji. Nilisimama mlangoni, nikamtazama mpaka donge likaisha. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Usimwambie mtu, lakini hajawahi kunipendeza kama leo. Bado sijamsamehe. Nimemfungulia mlango wa chumbani tu, nusu.

Dada


Jumamosi, 30 Machi

Shemeji,

Niliandika uongo juu yako na wenzako nikautia saini. Sina la kujitetea.

Nimeagizwa kuanza upya, na safari hii naanza na swali nililopaswa kuuliza mwanzo. Unaamka saa ngapi, nani anakuamsha, unafanya nini, na ungependa kulala mpaka saa ngapi kama ungeachwa ulale? Jibu kwa maneno yako, kwa urefu utakaopenda. Nimeambatanisha bangili mpya, ukikubali kuivaa.

Shemeji yako


Jumatano, 3 Aprili

Shemeji,

Shikamoo. Kesho kutwa tunaondoka kwenda mashindanoni, sote wa Bweni la Chini, na Pamba, ambaye zamu yake ya kwanza alijaza unga mpaka kwenye nyusi na sasa anasinzia darasani kuliko mimi. Bangili yake ikisomwa, utaniambia naye umbile lake limebadilika.

Maswali yako nimeyasoma. Ni mazuri. Kwa maneno sijibu.

Zamu yangu ni Jumatatu tukisharudi, saa kumi alfajiri, jikoni, mlango wa nyuma. Donge lako nitakuwekea, kubwa. Kata kucha.

Bangili nimeirudisha ndani ya soksi. Uiache nyumbani kwa Dada, uje na mikono.

Mshale